Karatasi Inayotufukuza Ilipatikanaje?

Hotuba kwa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Kent, jimbo la Washington

Wazee wangu, shikamooni. Mama zetu, kaka na dada, vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Nawashukuru viongozi wa jumuiya kwa kuniita, na kanisa kwa kutupa ukumbi. Naona hapa watu wa Uvira na Bukavu, Warundi waliokulia kambi za Kigoma, Wakenya, Watanzania wa bara na wa visiwani. Wengi wenu makaratasi yenu yamenyooka. Wengine hamna, na wengine mnaishi na ndugu asiyekuwa nayo. Sitamwomba mtu aseme yuko upande gani, na tafadhali msiulizane hapa.

Nimeombwa nizungumzie haki zetu mbele ya maofisa wa uhamiaji. Mada hiyo haina mwisho, kwa hiyo nachukua kipande kimoja ambacho sikisikii kikisemwa kwenye vikao vyetu. Serikali ikitaka kukufukuza nchini, inapaswa ilete ushahidi. Ushahidi huo ulipatikana na mtu fulani, saa fulani, kwa njia fulani. Una haki ya kusimama mbele ya jaji na kuuliza: ulipatikanaje?

Watu wetu wengi hawaulizi. Tumekulia katika nchi ambazo ofisa akikuuliza unajibu, tena unajibu umesimama. Mtu anafika kwa jaji akiwa ameshakubali kila kitu: nchi aliyotoka, mwaka aliofika, njia aliyopita. Anaulizwa upya, anakubali upya, na kesi inakwisha kabla hajaelewa kwamba ilikuwa imeanza. Inaniuma, kwa sababu mara nyingine serikali haikuwa na kitu kingine mkononi isipokuwa maneno yake mwenyewe.

Niwaeleze kesi yenyewe inajengwaje. Kesi ya kumwondoa mtu nchini si ya jinai. Inasikilizwa na jaji wa uhamiaji, ambaye ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria. Unaruhusiwa kuwa na wakili, lakini serikali haikulipii, unamtafuta mwenyewe. Kesi inaanza na hati ya wito, ambayo mawakili tunaiita kwa namba yake, I-862. Ndani yake serikali inaorodhesha madai: wewe si raia wa Marekani, wewe ni raia wa nchi fulani, uliingia tarehe fulani kwa viza ukapitiliza muda, au uliingia bila kukaguliwa.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Dai la kwanza, kwamba wewe ni mgeni, serikali lazima ilithibitishe yenyewe. Hiyo si kazi yako. Likishathibitika, mzigo unahamia mabegani mwako: sasa ni wewe unayetakiwa kuonyesha uliingia lini, wapi na kwa njia gani, na usipoweza sheria inachukulia kwamba uko hapa isivyo halali. Kwa hiyo vita vikubwa viko kwenye lile dai la kwanza. Ukilikubali kwa mdomo wako, umewapa walichokuwa wanakitafuta.

Serikali inalithibitishaje? Mara nyingi kwa fomu moja, I-213. Ni kurasa chache anazoziandika ofisa baada ya kukukamata: jina lako, nchi yako, wazazi wako, siku uliyoingia, na maelezo ya namna mlivyokutana. Ofisa aliyeiandika kwa kawaida haji mahakamani kuhojiwa. Masharti ya ushahidi ya mahakama za kawaida hayafuatwi kwa ukamilifu huku. Jaji anatazama kama ushahidi unahusika na kama kuupokea ni haki. Na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji imeshikilia kwa miaka mingi kwamba fomu hiyo inaaminika kwa yenyewe, mpaka mtu aonyeshe kwamba ina makosa au kwamba yaliyomo yalitolewa kwa shuruti.

Yaliyomo yalitoka wapi? Yalitoka kwako. Ulikuwa kwenye maegesho ya magari saa kumi na moja alfajiri unaelekea kazini, au sebuleni kwako umevaa nguo za kulalia, watoto wanalia, mtu mwenye bunduki kiunoni anakuuliza umezaliwa wapi.

Katika kesi ya jinai nchini Marekani, polisi akivunja Katiba ili apate ushahidi, kwa kawaida ushahidi huo haupokelewi. Marekebisho ya 4 ya Katiba yanakataza kupekua na kukamata watu pasipo sababu za msingi, na mahakama ziliona kwamba dawa ya kumfanya polisi aliheshimu katazo hilo ni kumnyima faida ya kulivunja. Wakenya mlioko hapa mna jambo la jamii hiyo katika Katiba yenu ya 2010, ibara ya 50, kifungu cha 4: ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu hautapokelewa iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutadhuru utoaji wa haki kwa ujumla.

Je, ulinzi huo unafika kwenye mahakama za uhamiaji? Jibu lilitolewa mwaka 1984, na sehemu ya kisa chake ilitokea katika jimbo letu hili hili, mjini Pasco, ng'ambo ya milima.

Mwaka 1977, maofisa wa uhamiaji walikwenda kwenye kiwanda cha kusindika viazi pale Pasco. Wakasimama milangoni wakati wa kubadilishana zamu na kutazama nyuso za watu. Aliyegeuza uso, aliyekwepa macho, aliyejificha nyuma ya wenzake, ndiye aliyeulizwa. Wakakamata wafanyakazi zaidi ya 30 na kuwapeleka jela ya kaunti, na huko mmoja wao akaeleza namna alivyoingia nchini. Maelezo yake ndiyo yaliyojaza fomu. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo juu ya mahakama zote nchini, pamoja na ya mtu mwingine, aliyekamatwa mwaka 1976 katika gereji moja ya San Mateo, California, ambako mwenye gereji aliwakatalia maofisa kuzungumza na mafundi wake saa za kazi; ofisa mmoja akaendelea kuongea naye, mwenzake akaingia ndani. Jina la huyo wa gereji ndilo lililobaki kwenye vitabu: kesi ya Lopez-Mendoza.

Majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba ule utaratibu wa kukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha Katiba hautumiki, kwa jumla, katika kesi za kuwaondoa watu nchini. Jaji Sandra Day O'Connor ndiye aliyeandika uamuzi. Alisema pia kwamba mwili wa mtu na utambulisho wake haviwezi kuzuiwa mahakamani kwa sababu tu alikamatwa vibaya. Maana yake, huwezi kumwambia jaji "nilikamatwa isivyo halali, kwa hiyo usinisikilize", utasikilizwa. Unachoweza kupigania ni ushahidi.

Kuna hesabu mbili katika uamuzi ule ambazo nataka mzijue. O'Connor aliandika kwamba zaidi ya asilimia 97.5 ya waliokamatwa walikuwa wanakubali kuondoka bila kesi kusikilizwa rasmi. Akaandika pia kwamba tangu 1952 Bodi ilikuwa na kesi pungufu ya 50 ambamo mtu aliinua suala la Marekebisho ya 4. Kwa hesabu hizo akasema: kama karibu hakuna anayepinga namna alivyokamatwa, basi kukataa ushahidi hakutambadilisha ofisa, kwa sababu ofisa anajua hatapingwa. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanikera. Watu walikuwa hawapingi kwa sababu hawakuwa na mawakili, hawakujua lugha, walikuwa ndani, walikuwa na hofu. Kutokupinga kwao kukahesabiwa kuwa sababu ya kuwanyima ulinzi wale waliopinga. Ndiyo maana nasimama mbele yenu leo. Kila anayepinga anabadilisha hesabu hiyo kidogo.

Sasa, uamuzi ule haukufunga kila kitu. O'Connor na wenzake watatu waliandika kwamba hawazungumzii ukiukwaji wa kupindukia, ule unaokwenda kinyume na haki ya msingi kabisa na kuufanya ushahidi wenyewe usiaminike. Wakasema pia kwamba mambo yangeweza kuwa mengine kama ukiukwaji ungeonekana umeenea. Chukueni hao wanne, ongezeni wale wanne walioupinga uamuzi mzima, na mtaona kwamba majaji wanane kati ya tisa waliacha nafasi. Katika nafasi hiyo ndimo sisi mawakili tunamofanyia kazi hadi leo.

Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 9, ambayo jimbo la Washington limo ndani yake, imeitanua nafasi hiyo kuliko kanda nyingi. Huku, ushahidi unaweza kukataliwa kama ofisa alivunja Katiba kwa makusudi, au alifanya jambo ambalo ofisa yeyote mwenye busara alipaswa kujua kwamba linavunja Katiba. Kanda nyingine zinataka zaidi: vitisho, nguvu, ubaguzi wa wazi, kuvamia nyumba usiku. Kwa hiyo ukiwa na ndugu jimbo jingine usimpe majibu ya Washington. Na mtu aliyekamatwa hapa akahamishiwa kizuizi cha jimbo jingine, sheria inayotumika kwake inaweza kubadilika pamoja na safari hiyo. Ndiyo sababu tunawasumbua mtupigie simu mapema, angali hapa kwenye kizuizi cha uhamiaji cha Tacoma.

Niwape mifano ya Kanda ya 9 ili msione nazungumza hewani.

Mwaka 1994 mahakama hiyo ilishughulikia kesi ya baba na mwana waliosimamishwa barabarani karibu na San Diego. Majaji waliona kwamba doria ya mpakani iliwasimamisha kwa sababu tu ya sura yao ya Kilatino. Wakasema huo ni ukiukwaji wa kupindukia na ushahidi usipokelewe.

Mwaka 2008 ilikuwa zamu ya mlango. Maofisa walikwenda kwenye nyumba ya watu bila hati yoyote. Mama aliyekuwa ndani akafungua mlango kidogo tu, aone nani. Ofisa mmoja akausukuma wakaingia. Mama hakusema neno, hakuwakaribisha, hakuwafukuza. Serikali ikadai kwamba hakukataa. Majaji wakasema mwenye nyumba halazimiki kukataa, asiyekaribishwa hajaruhusiwa. Kila kilichopatikana ndani, pamoja na ile fomu, kikawekwa kando. Natamani kila mama hapa akikumbuke kisa hiki, kwa sababu sisi tumelelewa kumpokea anayebisha mlangoni, tena kwa bashasha, na ukishasema "ingia" serikali itadai umetoa ridhaa, hata kama uliisema kwa hofu au kwa adabu. Uliza kwanza, mlango ukiwa umefungwa, kama wana hati iliyosainiwa na jaji. Karatasi nyingi wanazobeba, I-200 na I-205, zimesainiwa na ofisa wa uhamiaji mwenyewe. Kwa msimamo wa muda mrefu wa mahakama, hati ya namna hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuingia nyumbani kwako bila ridhaa yako.

Cha tatu kinahusu kazini, na wengi wenu mko viwandani na maghalani. Februari 2008 maofisa walivamia kiwanda kimoja Van Nuys, California. Walikuwa na hati halali ya upekuzi, lakini hati hiyo iliwaruhusu kutafuta nyaraka za ajira. Wao wakaitumia kama njia ya kuwazuia wafanyakazi wote, kuwapanga, kuwahoji uraia wao na kuwakamata. Mwaka 2019 Kanda ya 9 ilisema hilo lilivunja kanuni za uhamiaji zenyewe, zinazotaka ofisa awe na sababu ya kumshuku mtu huyo mahususi, akiweza kuieleza, kabla ya kumzuia. Mahakama ikaagiza kesi ya mfanyakazi aliyepinga ifutwe.

Mmeona tofauti? Katika visa viwili vya kwanza hoja ilikuwa Katiba. Katika hiki cha tatu hoja ilikuwa kanuni ambazo serikali ilijiandikia yenyewe. Hii ni njia ya pili, na mara nyingine ni nyepesi zaidi. Zipo kanuni za kumzuia mtu kwa mahojiano, za kukamata bila hati, za kuingia sehemu za kazi na majumbani. Ofisa akizivunja, wakili anaweza kuomba si ushahidi tu ukataliwe, bali kesi yote ifutwe.

Nizungumze kuhusu lugha, maana hili linatugusa sisi kwa namna ya pekee. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ilisema, katika kesi ya Brignoni-Ponce, kwamba sura ya mtu peke yake haitoshi kuwa sababu ya kumsimamisha garini. Julai 2025 jaji wa shirikisho huko Los Angeles aliwazuia maofisa wasisimamishe watu kwa kutegemea tu mambo manne: rangi au kabila, kuzungumza Kihispania au Kiingereza chenye lafudhi, mahali walipo, na aina ya kazi wanayofanya. Septemba 8, 2025 Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo wakati kesi inaendelea. Jaji Kavanaugh wa Mahakama hiyo Kuu aliandika maoni yake kwamba kabila peke yake halitoshi, lakini linaweza kuwa jambo mojawapo la kuzingatiwa. Ninaona huo ni uamuzi wa kuumiza, kwa sababu kila mmoja wetu humu ana lafudhi, na wengi tunafanya kazi zinazofanywa na wageni. Lakini msidanganywe kwamba sasa kila kitu kimeruhusiwa. Sababu mahususi ya kumshuku mtu bado inahitajika, na ofisa bado anaweza kutakiwa aieleze.

Lugha inaingia pia kwenye fomu. Nimeona I-213 inayosema mtu "alihojiwa kwa Kiswahili na akakubali kwa hiari", na aliyehojiwa ni mama wa Fizi ambaye lugha yake ni Kibembe na Kiswahili chake ni cha sokoni, mkalimani yuko kwenye simu, na Kiswahili cha huyo mkalimani ni cha Nairobi. Mama anasema "ndiyo" kwa kila swali kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu anavyomjibu mkubwa. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa Januari 1, kama ilivyo kwa wengi waliosajiliwa kambini. Karatasi ya namna hiyo inaweza kupingwa. Jaji anaweza kuombwa aangalie kama maelezo yalieleweka, kama yalitolewa kwa hiari, kama kuyapokea ni haki. Bodi yenyewe ilisema mwaka 1980 kwamba maelezo yaliyotolewa kwa shuruti hayafai kutumika. Wakalimani wetu mlioko humu, mnaweza kutusaidia sana hapa: mkiombwa kutafsiri na mkaona mtu haelewi, semeni haelewi.

Watu huniuliza kuhusu lile onyo la kwenye filamu, "una haki ya kunyamaza". Wanasema, "Sikuambiwa, kwa hiyo kesi itafutwa." Hapana. Katika uhamiaji onyo hilo halitolewi unapokamatwa. Kanuni inataka mtu aliyekamatwa bila hati aelezwe sababu za kukamatwa, haki ya wakili kwa gharama yake, na kwamba maneno yake yanaweza kutumiwa dhidi yake. Lakini Bodi na Kanda ya 9 zimeitafsiri kwamba wajibu huo unaanza baada ya ile hati ya wito kupelekwa mahakamani. Wakati huo fomu imeshajaa. Kwa hiyo usingoje kuambiwa. Haki ya kunyamaza unayo tayari, mlangoni, garini, kazini.

Na kunyamaza kuna uzito mahakamani. Sisi husema kimya ni kukubali. Mwaka 1990 Bodi ilisema kwamba kunyamaza kwa mtu, peke yake, hakuthibitishi kwamba anastahili kuondolewa nchini. Serikali lazima ilete kitu.

Basi siku ya kwanza mbele ya jaji inakuwaje? Jaji anasoma madai, anauliza unayakubali au unayakana. Kama kuna dalili kwamba ulikamatwa vibaya, wakili wako anayakana yote na kuitaka serikali ithibitishe. Akiyakubali, hata kwa haraka, hata kwa kutokuwa makini, kukubali kwa wakili kunakufunga wewe. Kwa sababu hiyo usiende na mtu wa kujaza fomu anayejiita mwanasheria, na hata kwa wakili halisi, mwulize kabla ya siku hiyo: "Umeangalia namna nilivyokamatwa?"

Kisha wakili anawasilisha ombi la kuukataa ushahidi, likiambatana na hati yako ya kiapo. Kiapo hicho ndicho roho ya ombi. Hakitakiwi kiwe na malalamiko ya jumla kwamba "walinionea". Kinatakiwa kieleze ulichokiona na kukisikia wewe mwenyewe. Walikuwa wangapi. Walivaa nini. Walisema ni polisi au walisema ni uhamiaji. Waligonga au walisukuma. Silaha zilikuwa wapi. Nani alifungua, na mlango ulifunguka kiasi gani. Swali la kwanza lilikuwa lipi, na uliulizwa kabla au baada ya pingu. Uliomba wakili? Walijibuje? Kama kulikuwa na wengine, kwa nini ulichaguliwa wewe? Na kiapo kinaishia kwenye kukamatwa. Hakisemi ulizaliwa wapi. Ukishatoa kiapo kinachojitosheleza na kukitolea ushahidi, ndipo serikali inapotakiwa ieleze ilivyoupata ushahidi wake.

Nimeshuhudia maombi mazuri yakianguka kwa sababu mtu alikuja kuandika kiapo baada ya miezi, amesahau. Jirani aliyerekodi kwa simu amefuta. Kamera ya mwenye nyumba imejifuta yenyewe. Usiku ule ule wa tukio, mtu aliyebaki nyumbani aketi aandike, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote. Ahifadhi video mahali pawili. Aandike majina ya mashahidi. Asiweke jambo hilo kwenye mitandao kwanza, ampelekee wakili.

Sasa lazima niwaeleze mipaka, kwa sababu tumaini la uongo ni baya kuliko hakuna.

Ombi hili linamfaa zaidi mtu ambaye serikali haikuwa inamjua kabla ya kumkamata. Sisi wengi inatujua. Aliyekuja kama mkimbizi kutoka Nyarugusu au Kakuma, ukoo wake mzima umo kwenye faili. Aliyeingia kwa viza kupitia uwanja wa ndege miaka hii ya karibuni aliweka vidole vyake kwenye mashine. Aliyewahi kuomba kibali cha kazi ameandika nchi yake kwa mkono wake. Serikali ikionyesha ina ushahidi huo kwa njia nyingine isiyotokana na ule ukamataji mbaya, inautumia. Hata hivyo, mahakama ya rufaa ya New York mwaka 2013 iliitaka serikali ionyeshe kweli kwamba ililifikia faili bila kuongozwa na kile ilichokipata isivyo halali. Haikukubali iseme tu "tulikuwa nalo". Na huku kwetu, mwaka 2018, Kanda ya 9 ilimsikiliza mtu aliyekuwa na maombi ya zamani kwenye faili. Yeye na wenzake boti yao iliharibika baharini, wakaomba msaada, wakaishia kupekuliwa na Walinzi wa Pwani na kuulizwa vitambulisho. Mahakama ilisema maombi yale ya zamani hayawezi kuzuiwa, lakini kama kanuni zilivunjwa kwa ubaya wa kutosha, kesi yenyewe inaweza kufutwa.

Kufutwa huko pia kuna mpaka. Mara nyingi serikali inabaki huru kufungua kesi upya ikiwa na ushahidi safi. Wakati mwingine haifungui. Wakati mwingine inafungua, na ule muda uliopatikana katikati unamtosha mtu kuoa, mtoto aliye raia kufikisha miaka 21 na kumwombea mzazi, ombi la muda mrefu kujibiwa. Nisingemwambia mtu audharau muda huo.

Jambo jingine: anayetaka kuomba hifadhi. Hifadhi inatakiwa iombwe ndani ya mwaka mmoja tangu kufika, isipokuwa kwa sababu maalumu, na maelezo ya ombi hilo yanaweza kutumika kuthibitisha kwamba wewe ni mgeni. Mtu aliyekimbia Kivu Kusini akiwa na ushahidi mzito wa mateso huenda njia yake iwe hifadhi, na kupinga fomu kukawa kupoteza nguvu. Wakili lazima avipime vyote viwili pamoja, mapema, kabla ya ule mwaka kupita.

Na tafadhali, kunyamaza na kusema uongo ni mambo mawili. Usiseme wewe ni raia wa Marekani kama si raia. Kauli hiyo moja inaweza kukufungia njia nyingi, hata ile ya ndoa, maisha yako yote. Usitoe karatasi ya mtu mwingine. Usikimbie, usimsukume ofisa. Mwenye grini kadi anatakiwa kisheria kutembea nayo, basi atembee nayo. Usisaini karatasi ya kukubali kuondoka eti kwa sababu umeambiwa utapumzika haraka. Ukisaini, hakuna jaji atakayesikiliza mlango ulivyosukumwa.

Kwa walio na ndugu Tacoma sasa hivi: tunahitaji jina lake kamili kama lilivyoandikwa na maofisa, hata kama wamelikosea, nchi aliyozaliwa kwa ajili ya kumtafuta kwenye mfumo, na namba yake inayoanza na herufi A. Hayo mtupe sisi faraghani, msiyaseme hapa ukumbini. Mwenzangu yuko kwenye meza ile ya kulia na ana fomu za kuandikisha mashahidi. Mimi nitabaki mpaka ukumbi ufungwe. Mzee aliyenyanyua mkono tangu nilipotaja Pasco, karibu, uanze wewe na swali lako.